Msiupake Rangi Mpya Mfano wa Kinu

Nina neno ambalo limenikaa moyoni tangu siku ya maonyesho.

Wasomaji wengi mliuona mfano wa kinu cha kuchambulia pamba, au jineri kama wengi wasemavyo huku kwetu, uliowekwa juu ya meza ya mwisho karibu na mlango wa chumba cha jiografia. Mimi ndiye niliyeutengeneza, nikisaidiwa na wenzangu wawili wa Kidato cha Tatu. Mgeni mmoja aliyekuwa akikagua kazi zetu alisimama mbele yake, akautazama kwa muda, kisha akasema, "Vijana, mmejenga vizuri sana, lakini mbona mmeuchafua? Upakeni rangi nyeupe, upendeze." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Baadaye tuliambiwa kwamba ingefaa kazi hiyo ifanyike kabla ya Siku ya Wazazi. Kopo la rangi limekwisha letwa, lipo chini ya meza. Mimi naomba lisifunguliwe, nami nitatoa sababu zangu.

Kinu chenyewe kipo upande wa Magu, si mbali na nyumbani kwa babu yangu. Sitakitaja jina, kwa kuwa sasa kimefungwa na sitaki kumsumbua mtu. Habari zake hazipitani sana na za vinu vingine vya Usukumani. Hapo zamani pamba ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Vyama vya ushirika vilipojiunga kuwa Victoria Federation mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi, wakulima walianza kupata vinu vyao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa tena kwa watu binafsi. Tangu hapo vinu vingine viliendelea na vingine vikanyamaza. Hiki chetu ni katika vilivyonyamaza.

Kwa wale wasiopata kuingia ndani ya kinu, kazi yake ni kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu. Katika mashine ya namna ya McCarthy, ambayo Mmarekani wa jina hilo aliibuni mwaka 1840, gurudumu refu lililovikwa ngozi huvuta nyuzi na kuzipitisha kwenye kisu kilichotulia, na kisu kingine kinachopanda na kushuka huzigonga mbegu zianguke. Katika pamba iletwayo na mkulima, nyuzi ni kama theluthi moja tu. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota, na mbegu huenda kukamuliwa mafuta na kutoa mashudu ya ng'ombe. Tena kazi hiyo yote hutoa vumbi jingi sana, na hilo vumbi ndilo shauri langu.

Wakati wa likizo tulikipima kinu kwa hatua na kwa kamba. Jengo kubwa lina mita 42 kwa 16, nasi tulichukua sentimita moja mahali pa mita moja, basi mfano wetu ukawa na sentimita 42 kwa 16. Kuta tulizifanya kwa karatasi ngumu za maboksi, wala hazikututaabisha. Taabu ilikuwa mabati. Mwanzoni tulibandua ule utando wa mawimbi ulio ndani ya boksi, tukaupaka rangi ya fedha, tukajiona mafundi. Kumbe kila wimbi lilikuwa na milimita 7, yaani kwa kipimo chetu bati lingekuwa na mifereji ya sentimita 70, mtu angeweza kulala ndani yake! Bati la kweli lina wimbi la sentimita 7 na nusu hivi. Mwanachuo mmoja wa Chuo cha Ualimu Butimba, ambaye alikuwa akifanya mazoezi ya kufundisha hapa kwetu, ndiye aliyetuonyesha njia. Tulichukua bolti ya milimita 5, ambayo nyuzi zake zimeachana kwa milimita 0.8, tukaiviringisha kwa nguvu juu ya foili ya vyombo vya chakula iliyotandikwa juu ya kandambili kuukuu. Mistari ikatoka sawasawa kama bati la dukani. Tukakata bati moja moja, sentimita 3 kwa milimita 8, tukaezeka safu tatu kila upande. Yalitutoka mabati zaidi ya 300, na kidole changu cha gumba kina alama mpaka leo.

Hapo ndipo tungeweza kukoma, mgeni wetu akafurahi. Lakini mfano ule uling'aa kama sanduku la biskuti, wala haukufanana na kinu nikijuacho. Basi tukaanza kuuchakaza. Tulikwangua kutu ya pipa bovu, tukaichekecha kwa kitambaa cha kanga, tukaikoroga na gundi ya mbao iliyotiwa maji. Masizi tuliyapata kwenye koroboi. Vumbi nililileta mwenyewe kutoka uwanja wa kinu katika mfuko wa sukari.

Nakiri kwamba tulikosea sana. Mwenzangu mmoja alipaka kutu kila mahali, hata ndani ya ofisi ya karani. Uchafu wa namna hiyo ni kweli uchafu, na kama mgeni angeuona huo ningemwunga mkono. Ilinibidi nirudi Magu siku ya Jumamosi kutazama tena, na safari hii nilikwenda na babu. Alinionyesha kwamba kutu haianzi popote ipendapo. Huanza kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, ambapo maji hukawia kukauka. Huwa nyingi zaidi chini ya bomba lililokuwa likitoa vumbi la mashine, kwa sababu manyoya ya pamba yaligandamana pale juu ya paa na kushika maji ya mvua kama sifongo. Kwenye kuta, tope jekundu hufika magotini tu, kwa kuwa paa halina mfereji na matone hurusha udongo. Tena kuna mpango wa majira. Kinu hufanya kazi wakati wa kiangazi, vumbi likatanda, kisha mvua za mwaka zikaja kulichora michirizi. Basi nasi tulitandaza vumbi kwanza, likakauka, ndipo tukapitisha maji kwa brashi kutoka juu kwenda chini.

Upo mstari mmoja ambao ndio hasa mgeni aliunyoshea kidole. Kwenye ukuta wa upande wa mizani, milimita 7 kutoka chini, tumepaka weusi wenye kung'aa kidogo. Kwenye ukuta wa kweli uko kwenye kimo cha sentimita 70. Haukutokana na mvua wala na moshi. Ni migongo ya watu. Wakulima wa karibu walileta pamba yao pale, wakaketi wameegemea ukuta wakingoja zamu ya kupimiwa, msimu baada ya msimu, mpaka jasho na mafuta ya mwili vikaingia ndani ya chokaa. Bibi yangu alipouona mfano kabla hatujauleta shuleni hakutazama paa hata kidogo. Aliweka ukucha wake juu ya mstari ule akasema, "Mjukuu wangu, hapa nililala siku mbili na mama yako mgongoni, halafu wakaniambia pamba yangu ni fifi." Fifi, kwa msiojua, ni pamba ya daraja la chini, na bei yake ni ya chini.

Babu naye alikuwa kibarua ndani ya jumba la mashine. Husema kifua kilimbana zaidi siku za Jumatatu. Madaktari waujua ugonjwa huu wa vumbi la pamba, nao huanza hivyo hivyo, kwa kubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Hata leo akipanda mlima wa kwetu husimama mara tatu.

Wako watakaosema kwamba shule ya Serikali yapasa kuonyesha maendeleo wala si magofu. Nayaheshimu maneno hayo. Lakini mtoto atakayekiona kinu cheupe atajifunza tu kwamba palikuwa na nyumba kubwa. Wala hatukubuni sisi kazi ya kuchakaza mifano. Kule Marekani, John Allen wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973, alisifika kwa mifano yake ya reli na majengo iliyochakazwa kwa uangalifu, na watu wazima walisafiri kwenda kuitazama. Sioni kwa nini iwe sanaa kule na uchafu hapa Butimba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wangu, kwa heshima zote, waturuhusu kuliondoa lile kopo. Rangi isipotee bure, milango ya bweni letu yaihitaji sana. Nanyi wazazi, mtakapokuja, bibi yangu atakuwapo pia. Ameahidi kuketi karibu na meza ile ya mwisho, na atakayetaka kujua habari za mstari mweusi amwulize yeye.