Dereva Anayetanua Arudishe Bega la Barabara

Saa 11:30 alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya mawe ya Mabatini, waendesha baiskeli wa Nyamagana, jijini Mwanza, wamekwisha kuingia kazini. Mmoja anatoka upande wa Kisesa na magunia ya mkaa aliyoyafunga kwa mipira juu ya keria, yamempita kimo. Mwingine amening'iniza madumu ya maziwa kushoto na kulia. Wa tatu ana tenga la dagaa kutoka soko la Mwaloni, analipeleka Igoma ambako akina mama wanamsubiri ili wapime kwa kopo na kutandaza biashara ya siku. Chai ya maziwa inayonywewa mjini saa mbili asubuhi imepita mikononi mwa watu hawa. Mkaa uliochemsha chai hiyo pia.

Ndio hao hao tunaowasukumia mtaroni.

Katika Barabara ya Nyerere, kutoka Mabatini hadi Igoma, na katika Barabara ya Kenyatta, kutoka mjini kupita Mkuyuni na Butimba hadi Buhongwa, nafasi pekee ambayo mwenye baiskeli anaweza kuitegemea ni bega la barabara, ule ukanda mwembamba kati ya mstari wa pembeni na mtaro. Hana njia nyingine. Na ukanda huo umegeuzwa shamba la bibi. Daladala zinapakia na kushusha hapo bila kuangalia nyuma. Malori yanaegeshwa hapo dereva anapokwenda kula. Bodaboda wameweka vijiwe. Halafu foleni ikianza kukaza, madereva wa magari madogo nao wanatanua: wanakata kushoto, wanapita juu ya bega kwa kasi, kisha mbele wanachomekea kurudi kwenye foleni. Mwenye baiskeli aliyekuwa akienda zake salama anasikia honi mgongoni na hana pa kwenda. Upande mmoja kuna mtaro wa zege, upande wa pili kuna tairi za lori.

Hukumu yetu juu ya kutanua haina mashaka. Dereva anayetanua amechukua kwa nguvu njia ya mtu asiye na bati la kumkinga, ili awahi dakika tatu. Tunasikia utetezi wa kila siku: foleni ni kubwa, watoto wanachelewa shule, bosi anasubiri. Mwenye maziwa naye anasubiriwa, na maziwa yake yanaharibika jua likipanda. Hakuna haraka ya mtu mmoja iliyo bora kuliko ya mwingine mbele ya sheria, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, haikuandikwa kwa ajili ya wenye magari peke yao.

Sheria hiyo imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Tungependa kila dereva anayepita Mkuyuni alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, aitazame saa ya mwendo kwenye dashibodi yake na ajibu kwa nafsi yake. Nguvu ya gari linalogonga haiongezeki sambamba na mwendo. Inaongezeka kwa kipeo cha pili. Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu ya kugonga karibu mara 3 ya gari lile lile likiwa kilomita 30. Ndiyo sababu mtoto aliyegongwa na gari linalotambaa anaweza kuinuka akilia, na yule aliyegongwa na gari linalokimbia haamki. Dereva anayesema "nilipiga breki, ila alikuwa karibu" ametuambia mwenyewe kwamba alikuwa na mwendo usiofaa mahali pale.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani inasema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wenye pikipiki. Wanaokufa kwa wingi si waliojifunga mikanda ndani ya magari.

Nchi nyingine zimeandika umbali wa kumpita mwenye baiskeli katika sheria zao. Hispania ni mita 1.5. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Ujerumani, tangu mwaka 2020, ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Tunalitaka Bunge letu liandike umbali wa namna hiyo kwa tarakimu katika Sura ya 168, ili trafiki awe na kipimo na dereva akose pa kujificha. Kabla ya siku hiyo, dereva asiye na nafasi ya kupita kwa urefu wa mkono mmoja na nusu wa mtu mzima asipite. Akae nyuma ya baiskeli mpaka njia ifunguke. Hakuna aliyekufa kwa kukaa nyuma ya baiskeli nusu dakika.

Sasa tuwageukie waendesha baiskeli wenyewe, kwa sababu hatukusudii kuwapaka mafuta. Wapo wanaoendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga, wamevaa nguo nyeusi, wakidhani kwa kuwa wao wanaona gari basi na dereva anawaona. Wapo wanaokwenda kinyume cha magari upande wa kulia, eti ili waone kinachokuja. Matokeo yake wanakutana uso kwa uso na mwenzao mwenye baiskeli na mmoja lazima aingie barabarani. Wapo wanaofunga mbao kwa mapana hadi mzigo unachukua nusu ya njia, na wanaoteremka mlima wa Bugando na baiskeli ambayo breki yake ni soli ya kandambili. Makosa haya yanaua, na mara nyingi yanamuua aliyeyafanya. Kwa hilo tunawaambia wazi: kaa kushoto, weka taa mbele na kiakisi chekundu nyuma, tengeneza breki kabla ya kununua kengele. Mwenye mzigo mpana asubiri mapambazuko.

Hata hivyo hatukubali mizani ile ya uvivu inayosema pande zote zina makosa, basi yaishe. Mwenye baiskeli akikosea, anayeumia ni yeye. Dereva wa tani 10 akikosea, anayeumia ni mwenye baiskeli. Mzigo wa uangalifu lazima uwe mkubwa kwa mwenye chombo kikubwa.

Linalotuuma zaidi ni yanayotokea baada ya ajali. Mtu amegongwa, baiskeli imepinda rimu, mguu umevunjika. Watu wanakusanyika, dereva anatoa noti chache akisema ni hela ya dawa, wanamalizana. Majeruhi anafika hospitali bila fomu ya polisi, PF3, na baada ya wiki mbili pesa zimekwisha, mguu haujaunga, na namba ya simu aliyoachiwa haipatikani. Familia iliyokuwa ikila kwa baiskeli ile inakopa unga. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, na mwenye baiskeli aliyegongwa ni huyo mtu wa tatu. Fidia ya bima hiyo ameandikiwa na sheria, haombi hisani. Kwa hiyo asikubali kumalizana njiani. Asome namba ya gari, apate majina ya mashahidi, apige picha ya gari kama ana simu, aende polisi kuchukua PF3. Na askari anayepokea taarifa hiyo asimwambie mwenye mkaa "mkayamalize wenyewe". Kauli hiyo inamnyima maskini haki yake mbele ya kaunta.

Kanda hii ina deni la pekee kwa baiskeli. Usukumani baiskeli imebeba pamba, imebeba wagonjwa, imebeba maharusi. Shinyanga na Kahama baiskeli ya abiria ilipewa jina la daladala, na watu wakasafiri nayo miaka mingi kabla bodaboda hazijajaa. Yalipokuwa yakifanyika mashindano ya Mwanza Cycle Challenge, watu walijipanga kando ya lami kuwashangilia vijana wetu na dada zetu wakikata upepo. Inatusikitisha kwamba kijana huyo huyo, akivua jezi na kupakia mkaa, anaonekana kero.

Upo pia wajibu wa wajenzi. Jiji la Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, lilipata njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na umoja wa watumiaji baiskeli, UWABA, ulikuwa umezipigania kwa miaka. Pikipiki na biashara zilizivamia baadaye, na hilo ni somo kwetu: njia isiyolindwa kwa ukingo na kwa askari haidumu. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara nchini kote, Mwanza ikiwamo, kwa hoja kwamba njia ni za wapitaji. Walioondolewa kwa hoja hiyo wana haki ya kuuliza kwa nini gari lililoegeshwa mahali pale pale haliondolewi.

Kila inapotajwa hoja ya kuipanua Barabara ya Kenyatta hadi Usagara iwe njia nne, tunasikia hesabu ya magari tu. Tunawaambia TANROADS, TARURA na Halmashauri ya Jiji kwamba mchoro wowote wa barabara kuu ndani ya Nyamagana usio na njia ya baiskeli iliyoinuliwa au kutengwa kwa ukingo ni mchoro mbovu, na madiwani wasiupitishe. Njia hiyo haitawafaa wenye mkaa peke yao. Mwanafunzi anayekwenda Butimba kwa baiskeli ataipita, na mwenye ulemavu anayesukuma baiskeli yake ya magurudumu matatu kwa mikono, ambaye leo hana hata uwezo wa kurukia mtaroni.

Upanuzi utachukua miaka. Kulinda bega hakuhitaji mkandarasi. Faini ya makosa ya barabarani ipo, kwa dereva wa gari na kwa bodaboda. Itozwe bila huruma kwa kila anayetanua na kila anayeegesha juu ya bega. Tunakitaka Kikosi cha Usalama Barabarani kianze na vipande viwili, Mabatini hadi Igoma na Mkuyuni hadi Buhongwa, alfajiri na jioni, askari wakiwa wamesimama pale bega linapoliwa badala ya kukaa njia panda wakikagua leseni. Daladala isiyosimama kituoni ipelekwe LATRA leseni yake ijadiliwe.

Kesho saa 11:30 alfajiri mwenye mkaa atakuwa barabarani tena. Dereva, mpishe.