Ukabila Huanza kwa Upendeleo

Kila uchaguzi unapokaribia, viongozi wetu hutuambia kwamba ukabila ni chuki ya kale tuliyorithi kwa mababu. Mimi sikubaliani nao. Dai hilo huwafaa wao, maana chuki ya kale haina wa kushtakiwa.

Hebu tutazame majina yenyewe. Kalenjin, Luhya na Mijikenda ni majina yaliyoshika mizizi katika miaka ya 1930 na 1940, jamii ndogo ndogo zilipoungana ili zisikike mbele ya serikali ya kikoloni. Mzee aliyezaliwa wakati huo yungali hai.

Wala si lazima pawe na ugomvi. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza. Katika mojawapo aliwagawa makundi mawili, wakidhani ni kwa kadiri walivyopenda picha za Klee au za Kandinsky; kumbe waligawanywa kiholela. Hakuna aliyejua mwenzake ni nani. Walipotakiwa kuwagawia wengine fedha, waliwapendelea wa kundi lao. La ajabu zaidi, walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, mradi tu liwapite wale wengine!

Hapo ndipo ninapomwona mpiga kura wetu, aliye radhi kukosa maji na barabara mradi "mtu wetu" ameshinda. Kutoka hapo hadi neno "madoadoa", walilobandikwa majirani katika Bonde la Ufa, si safari ndefu. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa.

Ukabila ninaouhofia zaidi ni ule usioshika panga: mkubwa wa ofisi asiyemchukia mtu yeyote, ila humwajiri mpwa wake, kisha rafiki wa mpwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia wapewe wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Kaunti nyingi zimeikiuka, na sijasikia gavana aliyepoteza kiti kwa kosa hilo. Kabla hawajaja kutuomba kura za 2027, na wabandike hadharani orodha ya waliowaajiri, tuisome wenyewe.