Binti akienda kuomba kazi ya ushonaji, abebe nini mkononi?



Juma hili tunazungumza juu ya mabinti zetu waliosoma kukata na kushona. Wengi wana diploma yao, na mikono yao inajua kazi. Lakini siku ya kuitwa kuulizwa maswali wanarudi nyumbani kimya, na sisi tunasema, "Ni bahati tu." Mara nyingine si bahati. Ni namna walivyoonyesha kazi yao.

Binti wa mmoja wetu aliitwa na atelye moja ya hapa mjini iliyotafuta mtu wa kubuni modeli za nguo za arusi. Foto zake zote zilikuwa ndani ya simu. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, kama tunavyoujua umeme wetu, na simu ilikuwa karibu kuzimika. Alipoambiwa aonyeshe kazi, akaanza kupitisha foto kwa kidole: libaya moja, kisha watoto wa dada yake, kisha matanga ya babu, kisha modeli aliyoitoa kwenye intaneti. Mwenye atelye akauliza, "Ni ipi uliyoshona wewe mwenyewe?" Kabla hajajibu, simu ikazimika.

Mara ya pili, mahali pengine, alikwenda na michoro yake na patroni zake za karatasi. Wakamwambia, "Tuachie, tutakuita." Hawakumwita. Baada ya majuma machache mama yake alikuwa kwenye arusi, akaona mkono wa libaya wenye mikunjo mitatu, uleule ambao binti yake aliuchora mezani pao. Mama huyo alilia mbele yetu katika mkutano. Wengine wakasema, "Basi asionyeshe tena kitu kwa mtu." Wengine wakasema, "Asipoonyesha, nani atamjua?"

Tulizungumza sana siku ile. Tuliona kwamba pande zote mbili zina haki. Kuficha kazi ni kujifungia mlango, na kuiacha mezani kwa watu ni kuupoteza ufunguo. Haya ndiyo tuliyokubaliana kuwafundisha mabinti.

Kwanza, achague. Foto mia mbili zinamchosha anayetazama. Kazi 8 au 10 zinatosha, zilizo safi kabisa. Iliyo bora itangulie, na inayoifuata kwa ubora iwe ya mwisho, kwa sababu mtu hukumbuka cha kwanza na cha mwisho. Tena achague kwa kufuata kazi anayoiomba. Kama wanatafuta mshonaji wa sare za shule, aanze na sare, si gauni la bibi arusi.

Pili, asitegemee simu peke yake. Foto zitolewe kwenye karatasi, ziwekwe katika faili lenye mifuko ya plastiki, maana mvua yetu haitoi taarifa, na aliyepanda toleka hana paa. Simu iwe ya kusaidia, nayo ijazwe umeme tangu jana yake.

Tatu, abebe nguo yenyewe, moja au mbili. Foto haionyeshi upande wa ndani. Fundi wa kweli akiletewa nguo huigeuza kwanza, atazame mshono, pindo na vishikizo. Binti aigeuze yeye mwenyewe kabla hajaombwa. Hapo anasema bila maneno kwamba haogopi kukaguliwa.

Nne, kila kazi iwe na habari yake fupi: mteja alitaka nini, shida ilikuwa wapi, yeye alifanya nini. Kwa mfano: "Mama huyu alikuwa na nusu ya kikwembe, yadi 6, akataka libaya, sketi na kitambaa cha kichwa. Nilipanga vipande hivi ili maua yakutane kifuani na kitambaa kisipotee." Aseme pia siku ngapi alitumia. Mwenye kazi anataka kujua kama msichana huyu atamharibia kitambaa au atakiokoa.

Tano, aseme kweli. Kama gauni lilishonwa na kikundi, aseme, "Tulikuwa watatu, mimi nilikata na kuweka ukosi." Kama modeli aliiona mahali, aseme ameiona na amebadilisha nini. Uongo wa mshono hauishi siku mbili. Watampa mkasi na kitambaa, na yote yatajulikana.

Sita, foto yenye uso wa mteja iombewe ruhusa. Bibi arusi hakuja kwetu ili azungushwe mjini ndani ya faili. Akikataa, nguo ipigwe foto ikiwa imetundikwa.

Saba, faili lirudi naye nyumbani. Patroni za karatasi zisitoke kabisa. Wakiomba kitu cha kubaki nacho, awape ukurasa mmoja tu wenye foto tatu, jina lake, namba ya simu na tarehe. Akiombwa kuacha vyote, ajibu kwa heshima: "Samahani, mama, faili hili ndilo chombo changu cha kazi. Mkiniita nitakuja nalo tena."

Jina na tarehe, wamama, tusivione vidogo. Mnajua vile vitambaa vya raffia vya Wakuba wa Kasai, ambavyo wamama wanatarizi kwa sindano bila kuchora kwanza, mkono wenyewe ukikumbuka mistari. Vimefika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivitundika ukutani katika chumba chake cha kazi. Jina la Matisse dunia nzima inalijua. Majina ya wamama waliotarizi, karibu yote yamepotea. Kazi yao ilisifiwa, wao hawakuandikwa popote. Basi binti yako asitoke nyumbani na mchoro usio na jina lake nyuma.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Siku ya kuitwa, usimwachie binti mtoto wa kubeba wala kazi ya soko asubuhi ile. Kama ni wa Lubunga, aamke mapema, mtumbwi haumngojei mtu. Jioni kabla yake mketishe mezani, mwambie, "Nionyeshe kama vile mimi ni mwenye atelye." Muulize maswali magumu. Aseme kila kazi kwa dakika moja. Ni afadhali atetemeke mbele ya mama yake kuliko mbele ya mgeni.

Binti tuliyemtaja alikwenda mara ya tatu mwezi huu. Alibeba foto 9, libaya moja, na ukurasa mmoja wa kuacha. Walimpa kipande cha kitambaa aweke ukosi palepale, naye akauweka. Jibu bado hajapata, hatutaki kuwadanganya. Lakini aliporudi, faili lilikuwa chini ya kwapa lake, na mama yake hakulia.

Mkutano ujao, kila mwenye binti mshonaji amlete na kazi tatu tu. Tutakaa kama wenye atelye, tutageuza nguo ndani nje, na tutasema kweli kwa upendo. Anayeweza kusaidia kutoa foto kwenye karatasi kwa bei ndogo, atuambie mapema.

Mbaki salama hadi juma lijalo.