Chakula na Michezo Shuleni: Tusiwaachie Wengine

Likitajwa jambo la afya shuleni, wazazi wengi hufikiria vyoo, maji na chanjo. Hayo ni ya lazima na hatuyapunguzii uzito. Lakini yapo mambo mawili ambayo hayamleti mtoto hospitalini leo, bali humleta baada ya miaka. Nayo ni kile anachokula akiwa shuleni, na jinsi anavyoutumia mwili wake. Maoni yetu sisi wauguzi ni kwamba mambo haya wazazi tumeyaachia wengine. Chakula tumewaachia wauzaji wa getini, na michezo tumewaachia watoto wachache wenye vipaji.

Tuanze na chakula. Mtoto wa darasa la tatu anayekaa mbali na shule huamka saa 11 alfajiri. Akibahatika hunywa chai ya rangi. Asipobahatika hutoka hivyo hivyo. Hurudi nyumbani saa 9 au 10 alasiri. Hizo ni saa kumi na zaidi bila chakula cha maana. Ubongo hufanya kazi kwa sukari iliyomo katika damu, na tumbo likiwa tupu, mtoto husinzia, huumwa kichwa na husahau alichofundishwa. Mwalimu husema ni mzito wa kuelewa. Sisi tukimfunua kope mara nyingine twaona weupe, dalili ya upungufu wa damu, na kinyesi chake kikipimwa huonekana minyoo. Fimbo haiwezi kutibu hali hiyo.

Tusidhani kwamba njaa hii huanza shuleni. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Ndio hao hao wanaoingia darasa la kwanza. Shule haiwezi kuurudisha urefu wote uliopotea, lakini yaweza kumlisha mtoto ili asipoteze na akili ya darasani.

Hapo ndipo hutokea ubishi katika mikutano ya wazazi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hutoa elimu bila ada, nasi tunafurahi kwa sababu watoto wengi wameingia shuleni. Ila wazazi wengi walielewa kwamba hata chakula cha mchana si juu yao tena. Sivyo. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la mzazi. Mchango wake hupangwa na wazazi wenyewe kwa makubaliano, wala mtoto hafukuzwi shule kwa ajili yake.

Je, mzigo huo ni mkubwa kiasi gani? Tuhesabu pamoja. Tukisema kila mtoto apate gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, na mwaka wa masomo una siku 194, basi kwa mwaka mzima anahitaji mahindi kilo 29, ambayo ni kama debe moja na nusu, na maharage yasiyozidi kilo 8. Sasa tugeuke upande wa pili. Mzazi anayempa mtoto shilingi 300 za getini kila siku ya shule hutoa shilingi 58,200 kwa mwaka. Kila mzazi alinganishe mwenyewe na bei ya mahindi na maharage kijijini kwake wakati wa mavuno. Fedha hizo tayari tunazitoa, ila zinanunua barafu za rangi.

Twashauri mchango utolewe kwa nafaka mara baada ya kuvuna, kabla debe halijauzwa kwa ajili ya harusi na ngoma. Lakini tuseme wazi: shule si mahali pa kupeleka mahindi tuliyoyakataa nyumbani. Nafaka iliyovunda hubeba sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ya shule yakaushwe vizuri, yachambuliwe, na yahifadhiwe juu ya vichanja mahali pakavu.

Na mzazi ambaye kweli hana? Huyo yupo katika kila kitongoji, nasi twamjua. Alete kuni, achote maji, au ashike zamu ya kupika. Na mzazi ambaye anacho lakini hataki? Afuatwe na kamati ya shule na mwenyekiti wa kitongoji. Ila katika yote, mtoto asitolewe kwenye foleni ya chakula. Kuna shule ambamo wale ambao wazazi wao hawajachanga huambiwa wakae chini ya mti huku wenzao wakila. Wako wanaosema kuwa bila hivyo hakuna atakayechanga. Twaielewa hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Deni ni la mtu mzima, na haifai limdai mtoto wa miaka minane kwa njaa yake.

Juu ya kilichomo sahanini, makande ni chakula kizuri kuliko tunavyokidhani. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja hukamilishana katika kujenga mwili. Maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi na kuni zipungue. Iongezwe mboga ya majani, mafuta kidogo, na chumvi yenye madini ya joto, bila kuizidisha. Ikipikwa ugali, unga wa dona ni bora kuliko sembe nyeupe. Chungwa au pera baada ya chakula husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo, kwa hiyo kwenye chakula yafaa maji safi.

Bustani ya shule nayo irudi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba lilikuwa sehemu ya masomo. Baadaye katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya wachelewaji, na matokeo yake watoto wakajifunza kulichukia. Matuta machache ya mchicha, viazi lishe, na mipapai kando ya darasa vyatosha kuanzia, ilimradi mboga zifike katika sufuria ya watoto na si nyumbani kwa wakubwa.

Sasa twende getini. Soda ya mililita 350 yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 ina gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna mama atakayetia vijiko tisa katika kikombe cha mtoto wake na kumwambia anywe. Ongeza pipi, maandazi, na chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, utaelewa kwa nini meno yanaoza, na kwa nini mijini twaona watoto wanene ambao wakipanda ngazi huhema. Mtoto aliyedumaa utotoni akija kunenepa sana ukubwani, hatari yake ya kupata kisukari na shinikizo la damu huwa kubwa zaidi.

Hatusemi akina mama wanaouza wafukuzwe. Wengi wao wanasomesha watoto wao katika shule hiyo hiyo. Mwalimu mkuu na kamati wakae nao, wakubaliane kinachouzwa: mihogo na viazi vya kuchemsha, karanga, mayai, ndizi mbivu, machungwa. Soda na barafu za rangi zisikaribie geti. Wauzaji wote wakikubali siku moja, hakuna atakayepoteza mteja kwa mwenzake.

Jambo la pili ni michezo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri kuwa watoto wa miaka 5 hadi 17 watumie mwili kwa nguvu kwa wastani wa saa moja kila siku. Wazazi wa vijijini watasema watoto wetu hutembea na kuteka maji, na ni kweli. Lakini wa mjini hupelekwa kwa bodaboda au basi la shule, hukaa darasani mchana kutwa, na jioni hukaa mbele ya televisheni au simu. Wote wawili wanahitaji kucheza, kwa sababu mchezo huimarisha mifupa na moyo, hutuliza mawazo, na huwafundisha kushinda na kushindwa bila ugomvi.

Wala hauhitaji fedha nyingi. Rede, kuruka kamba, kombolela, mbio za kupokezana vijiti na mpira wa makaratasi hutoa jasho sawasawa. Kinachokosekana ni vitu vitatu. Kwanza ni muda. Kipindi cha michezo kimeandikwa kwenye ratiba, lakini darasa la nne na la saba hunyang'anywa ili wajiandae na mtihani. Sisi twasema, hao ndio wa kucheza kuliko wote. Kichwa kilichochoka hakipokei kitu, na nusu saa ya kukimbia hukirudisha. Pili ni uwanja. Katika miji mingi uwanja wa shule humegwa, leo kibanda, kesho fremu za maduka, keshokutwa maegesho. Mzazi anayenyamaza siku ya kibanda cha kwanza asishangae siku magoli yatakapong'olewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu ni nafasi kwa wote. Timu ya shule yenye watoto 11 na 500 wanaotazama haitoshi kuitwa michezo.

Hapa tuwataje wanaosahaulika. Msichana akishavunja ungo huanza kujitenga na uwanja kwa aibu, au kwa kukosa taulo za kike na bukta ya kuvaa ndani ya sketi. Mama, hedhi si ugonjwa. Mwezeshe binti yako ajisitiri, acheze. Mtoto mwenye pumu acheze akiwa na dawa yake karibu. Mwenye selimundu acheze kwa kiasi, anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka, na asinyeshewe mvua. Mwalimu ajulishwe mapema. Mlemavu atafutiwe mchezo unaomfaa, asifanywe mlinzi wa nguo za wenzake. Na walimu wetu, twawaomba msitumie kuzunguka uwanja mbio kuwa adhabu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia hatapenda kukimbia akiwa mtu mzima.

Haya si mageni nchini. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee wetu walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kupanda mboga. Leo twazo jumuiya zetu na mikutano ya wazazi. Makundi ya kujadiliana hayajapotea.

Basi katika mkutano ujao wa wazazi, tusisubiri ajenda ya majengo peke yake. Tuulize maswali manne. Ni watoto wangapi hapa shuleni hukaa mpaka alasiri bila kula? Nafaka italetwa lini, na nani ataipima na kuandika? Getini panauzwa nini? Hati ya uwanja wa shule iko wapi, na mipaka yake ni ipi? Yasipopata majibu siku hiyo, yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na mtu atajwe wa kuyaleta. Na mzazi akishauliza, debe lake la mahindi liwe la kwanza kufika stoo.