Futeni kosa la uzururaji

Kijana katoka kibaruani saa nne usiku, kasimama kituoni anasubiri daladala. Difenda ya polisi inafunga breki. “Unafanya nini hapa saa hizi?” Jibu lolote halitoshi. Analala mahabusu, na kukicha mama yake anahaha kutafuta mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Kibarua kishakwenda kwa mwingine.

Hakuna aliyeibiwa wala kupigwa. Lakini Kanuni ya Adhabu inaruhusu mtu ashtakiwe kwa kukutwa barabarani katika hali inayoonyesha kwamba ana nia mbaya. Nani anaipima nia hiyo? Askari yuleyule aliyemkamata!

Sheria hii ni ya Waingereza. Waliitunga kwao mwaka 1824 kuwafagia mitaani mafukara, wakiwemo wanajeshi waliorudi vitani wakakosa kazi. Bunge lao limeshapitisha ifutwe. Mahakama za Malawi na Uganda zimebatilisha sehemu zake. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, na nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Arusha! Hatuwezi kusema hatukusikia.

Wanaoitetea wanadai ukimwachia mkosaji mdogo unafuga jambazi. Watafiti Amanda Agan, Jennifer Doleac na Anna Harvey walilipima dai hilo huko Suffolk, Massachusetts, ambako ndiko liliko jiji la Boston. Kule faili la kosa dogo linaweza kuangukia kwa mwendesha mashtaka mwepesi wa kufuta au kwa mgumu, bila mshtakiwa kuchagua. Wakalinganisha watu waliotofautiana kwa bahati hiyo tu. Kwa wasioshtakiwa, uwezekano wa kufunguliwa shtaka jipya la jinai ndani ya miaka 2 ulipungua kwa zaidi ya nusu, na walionufaika zaidi ni wale ambao hawakuwahi kushtakiwa kabla. Boston si Dar es Salaam, lakini wale walau walituhumiwa kutenda kitu. Wetu tunawatia rekodi ya jinai kwa kusimama!

Wabunge, futeni vifungu vya uzururaji. Na Mkurugenzi wa Mashtaka asiwasubiri: sheria inampa mamlaka ya kuondoa shtaka kabla ya hukumu. Aanze na kesi za uzururaji zilizopo mahakamani wiki hii.