Mafuta ya ndege: dawa ndogo inayopunguza hatari ya cheche

Kwetu huku Mashariki barabara ni mbovu, vitu vingi vinapita kwa ndege. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu.

Mafuta ya Jet A-1 yakisukumwa ndani ya bomba, na zaidi ndani ya filta, yanajichaji umeme. Mafuta safi hayapitishi umeme vizuri, basi unabaki ndani ya tanki. Cheche ikiruka mahali penye mvuke, ni moto.

Kwa hiyo wanatia dawa, mwanzoni isiyozidi miligramu 3 kwa lita. Wengi wanafikiri inazuia umeme kuzaliwa. Hapana! Inaufungulia njia tu, utoke haraka. Kipimo kinachotakiwa ni pikosiemensi 50 hadi 600 kwa mita. Shida ni kwamba nguvu hiyo inapungua safarini, na baridi inaipunguza tena. Mafuta yaliyopita bandari, kamioni na mapipa yanapashwa kupimwa upya.

Na dawa haiondoi kazi ya ile kamba ya chuma inayounganisha ndege na kamioni: inafungwa kabla ya kufungua kifuniko. Bidoni ya plastiki ni mbaya zaidi, sababu plastiki inashika umeme. Ba-kadhafi wetu wa barabarani nao wasikie, maana esanse inawaka upesi kupita mafuta ya ndege.