Namba Yako ya Sukari Isibaki Mfukoni



Katika kambi zetu kuna watu wenye ugonjwa wa sukari ambao wanajipima vizuri, kisha wanaficha. Asubuhi baba anachoma kidole, anatia tone la damu kwenye kijiti cha mashine, anaona 240, anairudisha mashine mfukoni. Bibi yake akimwuliza: «Leo ni ngapi?» anajibu: «Iko muzuri tu.» Halafu anavaa kofia ya kazi na kwenda zake. Sisi tunasema ya kwamba mtu huyo amefanya nusu tu ya kujipima. Nusu iliyobaki ni kumwambia mtu mwingine, na siku fulani nusu hiyo ndiyo itakayomrudisha nyumbani mzima.

Tuelewane kwanza juu ya namba, maana watu wanazichanganya. Mtu mzima asiye na ugonjwa, akipimwa asubuhi kabla ya kula, kwa kawaida huwa chini ya miligramu 100 kwa desilita moja ya damu. Ikifika 126 au zaidi, na ikipimwa tena siku nyingine ikatoka namna ile ile, munganga atasema ni ugonjwa wa sukari. Laboratwari nyingine huandika kwa gramu na lita, na hapo 126 inakuwa 1,26. Ni kitu kile kile. Tunalisema kwa sababu mtu akizoea mashine yake ya nyumbani, siku moja anaweza kusoma 1,80 kwenye karatasi ya hospitali na kufurahi kwamba sukari imeshuka kabisa, kumbe ni 180 yake ya kila siku.

Na chini ya 70, sukari imeshuka mno.

Wengi wanaogopa namba kubwa peke yake. Kweli, namba kubwa inaharibu: macho, figo, mishipa, miguu. Lakini mara nyingi inaharibu polepole, kwa miaka, na mwenye nayo anaweza kufika 250 bila kusikia maumivu yoyote, ila kiu na kwenda kukojoa mara nyingi, mambo ambayo yeye anasema ni juu ya joto la kazi. Namba ndogo haingoji miaka. Inamwangusha mtu kwa dakika chache, na kwenye mashimo yetu dakika chache ni nyingi sana.

Tuseme kuna baba mwenye kuendesha kamyo kubwa ya kubeba mawe. Anaingia kazi ya usiku. Jioni amejichoma insulini yake sawasawa, lakini gari la kuwachukua wafanyakazi limekuja mapema, na bukari imebaki mezani. Katikati ya usiku anaanza kutoa jasho, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio. Baadaye maneno yake hayashikani, anakasirika bure, anayumba. Kapita anamwangalia na kusema: «Huyu amekunywa lutuku.» Anamteremsha, anamwambia akalale pembeni mpaka pombe itoke kichwani. Anadhani amefanya jambo la usalama. Kumbe huo usingizi unaweza kuwa wa mwisho.

Kama kapita angejua, dawa ilikuwa karibu sana: vipande 3 vya sukari, au vijiko 3 vidogo katika maji, vinatosha kwa gramu 15 hivi. Kungoja dakika 15, kupima tena. Bado chini ya 70? Kumpa tena. Ikishapanda, ale kitu cha kushika tumbo, mkate au bukari, na asirudi kwenye usukani mara moja, kwa maana akili huchelewa kuliko namba. Ikiwa amezimia, msimtilie kitu kinywani, hata maji ya sukari, atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, mkimbieni kwa munganga.

Haya yote ni rahisi kwa mtu anayejua. Kwa asiyejua, jirani yako wa kazi ni mlevi tu.

Sasa mtasema: «Nikimwambia kapita, kesho nitaondolewa kwenye mashine, primi itakatwa, watoto watakula nini?» Hatusemi kwamba woga huo ni wa bure. Tunajua nyumba nyingi zinavyosimama juu ya primi. Ndiyo sababu maneno yetu leo si kwa wagonjwa tu. Wakubwa wa kazi, mtu akikuambia: «Nimepima, niko 64, nipe nafasi nile,» mpokee kama unavyompokea dereva mwenye kusema freni yake haishiki vizuri. Dereva huyo unamshukuru, humpunguzii mshahara. Ukimwadhibu mmoja kwa kusema namba yake, kumi walio nyuma yake watafunga kinywa, nawe utaendelea kuwa na wagonjwa walewale kwenye mashine zilezile, ila hutawajua.

Wenye ugonjwa wa sukari hawafanani. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka hivyo. Anayejichoma insulini, au kumeza glibenklamidi, huyo ndiye yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Kuwaondoa wote kwenye kazi kwa kalamu moja ni uvivu wa kufikiri. Hatuwadanganyi: yupo mtu ambaye sukari yake inaanguka mara kwa mara bila yeye kusikia dalili, na huyo haifai apande juu au aendeshe gari kubwa mpaka munganga atengeneze dawa zake. Lakini namna ya kumhamisha bila kumnyima mkate, hilo wakubwa, waganga na wajumbe wa sendika walitazame pamoja mapema, si siku ya ajali.

Hakuna anayekulazimisha kutangaza mwili wako kambi nzima. Siri ya ugonjwa ni yako, na munganga haruhusiwi kuitoa. Kwa hiyo wewe ndiwe mwenye kuchagua watu: bibi yako, mwenzako mmoja wa timu, na kapita wa kazi yako. Watatu wanatosha kuanza.

Nyumbani kuna shida nyingine, na hapa ninyi akina mama mtusamehe kidogo. Kuna nyumba ambamo namba ya asubuhi imekuwa kama kesi. Baba akisema 210, anaulizwa alikula wapi, na nani, alikunywa nini. Mtu anayehukumiwa kila asubuhi atajifunza kusema 110. Sukari hupanda hata bila kosa: homa ya malaria inaipandisha, kidonda kinaipandisha, usiku bila usingizi unaweza kuipandisha. Afadhali kuuliza: «Jana ilikuwaje, na leo tupike nini?» Bukari haikukatazwa. Mlima wa bukari ndio wenye shida. Punguzeni bukari, ongezeni sombe au lengalenga na samaki, na munkoyo usitiwe sukari. Bia juu ya tumbo tupu, kwa mtu wa insulini, inaweza kumwangusha usiku akiwa amelala. Baba na asikie hilo vile vile.

Nunueni kaye ya shule. Siku, saa, namba, na neno moja pembeni: «kabla ya kula», «kazi ya usiku», «homa». Ikae mahali ambapo nyumba nzima inaiona. Munganga akiona namba za wiki nne atajua mengi kuliko namba moja ya asubuhi ile uliyokwenda kwake ukiwa umefunga na kujitengeneza. Vijiti vya kupima vina bei, tunajua. Kama huwezi kupima kila siku, uliza munganga ni saa zipi zenye faida kwako, na mwenye insulini apime kwanza kabla ya kuingia kazini.

Osha mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuchoma kidole. Wakati wa maembe tunaona ajabu: mtu anamenya embe, anajipima, anapata 300, anaongeza dawa. Sukari ilikuwa kwenye kidole.

Namba tunagawana, sindano hatugawani. Sindano ndogo ya kuchoma kidole ni ya mtu mmoja, hata kati ya ndugu, kwa maana ugonjwa wa ini na SIDA hupita katika damu. Mashine ya kupima nayo afadhali iwe ya mtu mmoja.

Wenye watoto wa insulini, mwambieni mwalimu maneno haya haya ya jasho na kutetemeka. Mtoto anayesinzia darasani huenda si mvivu.

Nawe unayekwenda posti leo usiku, mwonyeshe mwenzako mahali unapoweka vipande vya sukari. Viwe katika mfuko wa nguo uliyovaa. Visiwe kwenye kabati la kubadilishia nguo, maana kabati lina kufuli na ufunguo unao wewe.